Kutoka Kilipokuwa Kiatu

Nyumba yetu hapa Managua haina namba, na barabara yake haina jina ambalo mtu analikumbuka. Ukitaka kutujia unaambiwa hivi: kutoka kilipokuwa Kiatu, kona mbili kuelekea ziwani, nusu kona juu. Kona ni mwendo wa njia panda moja hadi nyingine, na juu ni upande jua linakochomoza, hata kama miguu yako inateremka. Kiatu chenyewe hakipo. Kilianguka pamoja na mji mzima kwenye tetemeko la mwaka sabini na mbili. Kilikuwa cha mbao na bati, kirefu kuliko mtu, kikining'inia mlangoni mwa duka la viatu. Mtu wa chini ya miaka hamsini hajawahi kukiona. Lakini mwambie dereva teksi wa miaka ishirini, "Nipeleke kwenye Kiatu," naye atakujibu, "Panda."

Anajuaje? Anajua kwa sababu baba yangu alisema.

Baba yangu, don Evenor (kwetu wazee huitwa don na doña kwa heshima), alikuwa tarishi wa posta. Alizunguka mji wa zamani kwa baiskeli miaka kumi na miwili, na tetemeko lilipoulaza mji chini, watu walimfuata yeye kumuuliza kitu gani kilikuwa wapi. Kiwanda cha barafu kilikuwa wapi? Sinema je? Baba alinyoosha kidole, na watu wakajenga kufuata kile kidole. Tangu hapo mtaani kwetu ubishi wowote kuhusu mji wa zamani uliisha kwa maneno mawili: "Evenor kasema." Mnaweza kufikiria ilivyo kukaa nyumba moja na mtu wa namna hiyo. Nikimwambia chumvi imeisha, ananiambia imeisha lini.

Mimi ni Ileana, binti yake. Nina duka la kupiga picha za pasipoti na kutoa nakala. Sina subira, kila mtu anajua, hata mashine yangu ya nakala inajua maana huwa naizaba kofi. Lakini kila Jumamosi saa tisa alasiri nafunga kazi, natundika shuka jeupe ukutani, na wazee wa mtaa wanakuja na picha zao za zamani. Nazikuza kwa projekta kwenye shuka, na wao wanaingia ndani yake, yaani kwa maneno, wakitembea barabara ambazo leo ni nyasi na maegesho ya magari.

"Hii ni mwaka sitini na nne," Profesa Wilfredo atasema. Huyo ni mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na hawezi kuona ukuta asitake kuandika juu yake. "Angalieni lile gari."

"Gari ni la mjomba wangu, naye alinunua kila kitu kikishazeeka," doña Melba atamjibu. "Angalia sketi, Profesa. Sketi ile ni ya sitini na nane. Sitini na nne magoti yalikuwa bado yana aibu."

Doña Melba anauza nakatamali za unga wa mahindi zilizofungwa kwenye majani ya migomba, na nyumba yake iko pale pale kwenye kona ya Kiatu. Ana miaka sabini na mmoja na ulimi usiojua kustaafu. Kazi yake ya pili ni kumchokoza baba yangu.

"Don Evenor, mbele ya ile sinema palikuwa na benchi, au nimeota?"

"Lilikuwepo, doña Melba. Ulilikalia, likavunjika."

"Afadhali mimi nilikaa. Wewe ulikuwa unapita mbio na baiskeli hadi barua zangu za mapenzi zikafika kwa jirani. Kaolewa yeye!"

Wanacheka wote, mpaka Baba mwenyewe anafuta macho. Kisha mtu anauliza picha hii ni kona gani, shuka zima linageuka kumwangalia Baba, yaani watu walio mbele ya shuka, na Baba anasogeza miwani, ananyamaza kidogo kwa raha zake, na kusema. Sijawahi kumwona mtu anayefurahia ukimya wake namna ile.

Mwaka jana Profesa Wilfredo akaja na jambo. Kamati itajenga nguzo fupi ya saruji kwenye kona ya doña Melba, na juu yake kibandikwe kigae kilichochorwa: HAPA PALIKUWA NA KIATU. Kigae kitafunuliwa kitambaa Jumapili baada ya misa ya saa nne, na atakayekifunua ni don Evenor, ambaye wiki hiyo anatimiza miaka themanini na minne.

Baba aliipokea habari hiyo kama mtu aliyekuwa anaisubiri tangu ujana. Alitoa shati lake jeupe la mikunjo ya kifuani, akanipa nilipige pasi siku tisa kabla. Akawa anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya friji. "Majirani wapendwa," aliliambia friji. Nikifungua kuchukua maziwa, alianza upya.

Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja: picha ya Kiatu chenyewe. Miaka yote hiyo ya Jumamosi, hakuna aliyewahi kuleta hata moja. Profesa alitaka ikuzwe na kuwekwa kando ya kigae, na kazi ya kuitafuta akanitupia mimi.

Ilikuja Alhamisi. Mwanamke mmoja nisiyemjua aliniletea sanduku la marehemu shangazi yake, aliyekuwa mke wa mpiga picha wa barabarani, wale waliopiga wapita njia na kuwauzia picha zao kesho yake. Picha ya kumi na saba ilikuwa ya wapenzi wawili wakila barafu ya maziwa. Juu ya vichwa vyao kilining'inia Kiatu. Kizuri jamani! Kilikuwa na kamba za kufungia nene kama mkono, na kwenye soli maandishi ya jina la duka. Nilipiga kelele peke yangu dukani. Halafu nikaona kilicho nyuma yake.

Bega kwa bega na Kiatu palikuwa na ukuta wa mawe wenye matao matatu, lile la katikati limepasuka juu.

Matao yale nayajua. Yalifichwa nyuma ya ukuta wa matofali muda wote wa maisha yangu, hadi mwaka juzi fundi matairi mmoja alipoubomoa ili apate nafasi. Yapo mpaka leo, lile la katikati na ufa wake. Ila hayako kwenye kona ya doña Melba. Yako kona moja nzima chini yake, yaani upande jua linakotua.

Nilifunga duka nikaenda na picha mkononi. Nikasimama mbele ya matao, nikainua picha usoni, nikasogea kushoto, nikarudi nyuma hatua nne, na mawe ya kwenye picha yakakaa juu ya mawe ya kweli, jiwe kwa jiwe. Pale kilipopaswa kuwa Kiatu kilitokeza chuma cha zamani ukutani, kimepinda ncha. Kilikuwa kimetundikwa tairi la lori.

"Hiki chuma ulikiweka wewe?" nikamuuliza fundi.

"Nimekikuta, mama. Kinafaa sana."

Basi nilirudi nikitukana kimoyomoyo, sijui nikimtukana nani. Nguzo ilishajengwa. Kigae kilishachomwa. Shati lilishapigwa pasi mara tatu. Na baba yangu, ambaye hajawahi kukubali hata kwamba chai aliyoimwaga aliimwaga yeye, alikuwa amekosea kona nzima, na mtaa mzima umekosea naye miaka hamsini. Ningenyamaza, Jumapili angesimama mbele ya watu na kusema uongo bila kujua. Ningesema, ningemwondolea kitu pekee ambacho uzee haujamnyang'anya. Niliogopa, na sioni haya kulisema.

Nikaenda kwa doña Melba. Alikuwa anafunga nakatamali uani. Nikamwonyesha picha bila salamu.

Akaiangalia, akaendelea kufunga. "Wamependeza. Yule kijana baadaye alimwacha, lakini hapo wamependeza."

"Doña Melba! Angalia matao!"

"Nayaona, mwanangu. Mimi mzee, si kipofu." Akajifuta mikono, akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani yake, chini ya vifungo na rozari, akatoa picha. Msichana wa miaka kumi na minane amesimama chini ya Kiatu, kidevu juu, anajiona. Nyuma yake tao moja linaonekana.

"Huyu ni wewe?"

"Si bibi yangu! Nilikuwa muuzaji pale miaka mitatu. Nilikuwa nakifuta vumbi kila Jumatatu kwa ufagio. Halafu unadhani sijui kilining'inia wapi?"

Nikakaa chini kwenye ndoo. "Na picha hii hujawahi kuileta Jumamosi hata moja."

"Ungenifanyia nini nikiileta? Ungeikuza kwenye shuka." Akafunika kopo. "Sikiliza. Siku ya tatu baada ya tetemeko nilikuwa mtaani na mama yangu. Barabara niliyoipita kila siku, sikuijua. Hakuna kona, hakuna ukuta, vumbi tu, na watu wanazunguka wakiuliza majina ya wenzao. Mara akaja baba yako, na sare yake, na mkoba wa barua begani. Barua za nani, nyumba iko wapi? Nikamuuliza, don Evenor, Kiatu kilikuwa wapi? Akatazama huku, akatazama kule. Halafu akapiga chini kwa mguu, akasema, 'Hapa.' Mama akakaa chini pale pale. Tulikuwa tumetembea siku tatu bila kukaa."

"Na hukujua kwamba si hapo?"

"Siku ile? Siku ile angeniambia hapa ni Roma, ningekubali. Chuma nilikiona baada ya wiki mbili. Lakini wakati huo tulishasimamisha mabati manne, na majirani walishaanza kuhesabu kona kutoka kwetu." Akarudi kwenye majani yake ya migomba. "Mwambie, au usimwambie. Ni baba yako. Mimi nimemtania kwa kila kitu isipokuwa hicho."

Nilimwambia Ijumaa asubuhi, wakati wa wali na maharage. Nilitaka kwenda polepole, nikashindwa, niliiweka picha kando ya sahani yake nikasema, "Baba, Kiatu kilikuwa kwenye matao."

Akaiinua, akaisogeza karibu na dirisha. "Picha imegeuzwa," akasema. "Wamechapisha filamu upande wa nyuma. Wewe kama fundi picha ungepaswa kujua."

"Soma soli, Baba. Ikigeuzwa, maandishi yanageuka pia."

Akasoma soli. Akaisoma tena, midomo ikicheza. Kisha akasukuma sahani na kuchukua kofia. "Twende."

Tulitembea taratibu. Njiani alisalimiwa na kila mlango, kama kawaida yake, na safari hii hakumwambia mtu yeyote babu yake alikuwa akiishi wapi. Tulipofika kwenye matao alisimama chini ya chuma chenye tairi. Akanyoosha mkono, akakigusa. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba fundi matairi alitoka na spana mkononi.

"Vipi mzee, umepotea?"

Baba aligeuka. Nilidhani najua atamjibu nini. Baba yangu hajawahi kuulizwa swali hilo maishani mwake.

"Ndiyo," akasema. "Zamani kidogo."

Kurudi nyumbani alikaa kwenye kiti chake cha bembea bila kubembea. Mwishowe akasema, "Nilikuwa na barua arobaini na moja mkobani. Nilizijua zote. Nikasimama pale na sikujua hata miguu yangu iko mtaa gani. Na kale kasichana kakaniuliza. Tarishi anaulizwa kona, aseme hajui?" Akanitazama. "Nilidhani nimebahatisha. Miaka yote hii nilidhani nimebahatisha sawasawa."

"Si lazima useme kitu, Baba. Picha ninayo mimi tu." Ya Melba sikuitaja.

"Lipige pasi shati," akasema.

Jumapili kona ilijaa. Kulikuwa na viti vya plastiki, na Profesa Wilfredo kavaa tai, kitu ambacho hatukukiona hata siku mkewe alipozikwa. Alihutubia kwanza yeye, na alianzia kwa Wahispania. Alipofika karne ya ishirini doña Melba alikohoa kwa nguvu, naye akamkaribisha Baba.

Baba alisimama kando ya nguzo, akashika kitambaa, hakukivuta.

"Majirani wapendwa," akasema, na hapo mazoezi ya friji yakaishia. "Kiatu hakikuwa hapa."

Aliyaeleza yote, matao, chuma, picha, barua zake arobaini na moja. Alisema, "Mliniuliza, sikujua, nikasema najua. Nisameheni." Sauti haikumtetemeka. Mimi nililia, tena hadharani, na mtu akitaka kunicheka acheke.

Halafu ghasia ikaanza, lakini si ile niliyoiogopa.

"Ngoja, ngoja," akasema fundi seremala wa upande wa pili. "Kiatu kikihamia kule, mimi nakaa wapi?"

"Unakaa unapokaa!"

"Sikai! Kitambulisho changu kinasema kona tatu kutoka Kiatu. Nitakuwa nakaa ndani ya kanisa!"

"Na dada yangu aliyeko Kosta Rika? Atanikuta wapi?"

"Mimi nitakuwa nimehamia kwa mama mkwe," akapaza mwingine. "Sikubali! Don Evenor, rudisha Kiatu!"

Profesa Wilfredo alipiga makofi akiomba utulivu. Alisema ukweli ni ukweli, na kigae lazima kipelekwe kwenye matao. Ndipo doña Melba alipoinuka na kopo lake la biskuti.

"Profesa, kaa chini, tai inakubana." Akainua picha yake juu ili wote waione. "Mimi nimejua miaka hamsini. Nilikuwa nakifagia kile Kiatu. Kale kasichana anakokasema ni mimi." Akamgeukia Baba, na kwa mara ya kwanza niliona hana utani tayari mdomoni. "Don Evenor, siku ile sikuwa nauliza kiatu. Nilikuwa nauliza nikae wapi. Ukaniambia. Nimekaa." Halafu utani ukamrudia. "Sasa usinihamishe uzeeni, nina sufuria jikoni."

Baba aliachia kitambaa, akamgeukia. "Miaka hamsini," akasema. "Na ukanyamaza. Wewe!"

"Ilinichosha, ndiyo maana nikakuchokoza kwa mengine."

Nguzo ilibaki pale pale. Ila wiki ile ile fundi wa vigae alichoma kigae kingine, kwa maneno aliyoyataka Baba mwenyewe, baada ya Profesa kuyapunguza mara mbili: HAPA NDIPO DON EVENOR ALIPOSEMA KULIKUWA NA KIATU. Watu wa mtaani waliona ni marefu. Ndani ya mwezi dereva teksi yule yule wa miaka ishirini alikuwa anasema, "Kutoka alipokosea don Evenor, kona mbili kuelekea ziwani."

Nilidhani Baba atakasirika. Alihamishia kiti chake cha bembea kando ya nguzo. Kila jioni alikaa pale, doña Melba akimletea kikombe cha kinywaji cha kakao na unga wa mahindi, na mtu akisimama kuuliza njia, Baba alimuuliza kwanza, "Una uhakika unataka kuniuliza mimi?" Kisha akamwelekeza, na Melba, kwa kumchokoza, akamwambia yule mgeni apunguze kona moja.

Alitutoka mwezi wa tatu, akiwa amelala mchana. Siku ya mazishi muuza maua alinipigia simu. Amebeba shada na haoni nyumba. Nilianza kumwelekeza, "Kutoka kilipokuwa," nikaishia hapo. Doña Melba akaichukua.

"Sikiliza, mwanangu," akamwambia. "Unaijua nguzo yenye kigae? Basi. Kutoka alipokuwa don Evenor, kona mbili kuelekea ziwani, nusu kona juu."

Maua yalifika kwa dakika tano.